David Gill, mtoto wa fundi wa saa aliyetaka pembetatu zifike Ruwenzori

Tarehe 24 mwezi wa kwanza mwaka 1914, mtaalamu wa nyota David Gill alifariki mjini London akiwa na umri wa miaka 70. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kupima umbali wa jua na wa nyota. Lakini kazi yake inayowagusa watu wa Beni, Butembo na Manguredjipa ni ya ardhini: mnyororo wa pembetatu aliotaka uanzie kusini kabisa mwa Afrika, ufuate mstari wa digrii 30 mashariki na kufika Misri. Mstari huo unapita mashariki ya vilele vya Ruwenzori, zaidi ya kilometa 100 kutoka Manguredjipa, na ndio uliozusha ubishi wa mpaka kati ya Kongo na Uganda.

Gill alizaliwa Aberdeen, Scotland, tarehe 12 mwezi wa sita 1843. Baba yake alikuwa fundi na muuzaji wa saa, na alitaka mtoto wake arithi duka. Kijana alisoma kwanza Marischal College, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa James Clerk Maxwell, mtu mkubwa wa fizikia wa karne ile. Kisha alitumwa Switzerland na Uingereza kujifunza ufundi wa saa, akarudi na kuongoza duka kwa miaka kadhaa. Kazi ya saa ilimzoeza kutovumilia kosa dogo, maana saa inayochelewa sekunde chache kwa siku haiwezi kumsaidia mtu anayetafuta mahali alipo kwa kutazama nyota. Mwaka 1870 alimuoa Isobel Black. Miaka miwili baadaye aliacha biashara iliyokuwa inamlipa vizuri, akaenda kusimamia darubini za Lord Lindsay huko Dun Echt, kwa mshahara mdogo zaidi.

Mwaka 1874 alisafiri hadi kisiwa cha Mauritius kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Wakati wa kurudi alipitia Misri, na serikali ya Khedive ikamuomba apime mstari wa msingi kwa ajili ya ramani ya nchi. Mstari huo ulipimwa karibu na Sphinx na mapiramidi. Ni mahali pazuri kwa kazi kama hiyo: masimulizi ya zamani yanasema kwamba Mgiriki Thales alijua urefu wa piramidi kwa kupima kivuli chake, akakilinganisha na kivuli cha fimbo. Fimbo na kivuli chake hufanya pembetatu ndogo, piramidi na kivuli chake hufanya kubwa, na kwa kuwa jua ni lile lile, pembe zao ni sawa. Mwanafunzi wa segondari huliita jambo hilo pembetatu zinazofanana.

Mstari wa msingi una kazi gani? Mpimaji akisimama juu ya kilima na kuelekeza chombo chake kwenye vilima vingine viwili, anapata pembe. Akifanya vile vile kwenye vilima vyote vitatu, anaijua pembetatu umbo lake, lakini hajui ukubwa wake. Pembetatu yenye pembe hizo hizo inaweza kuenea juu ya daftari au juu ya teritware nzima ya Lubero. Kinachohitajika ni upande mmoja tu uliopimwa ardhini, mita kwa mita, kwenye uwanda tambarare. Ukiupata huo, pande zingine zote zinatoka kwa hesabu, na pembetatu ya pili inaegemea ya kwanza, ya tatu inaegemea ya pili, hata kuvuka mito na misitu ambako hakuna anayeweza kunyoosha kamba.

Hatari inaanzia hapo hapo. Upande wa msingi ukiwa na kosa, kosa hilo linarithiwa na pande zote kwa kiwango kile kile. Na eneo linaumia mara mbili: urefu ukizidishwa kwa mbili eneo linazidishwa kwa nne, urefu ukizidishwa kwa tatu eneo linazidishwa kwa tisa. Kosa la asilimia moja kwenye urefu ni kosa la karibu asilimia mbili kwenye eneo.

Watu wengi hujikwaa kwenye kanuni hii, hata wale walioisoma shuleni. Tuchukue ndugu wawili waliorithi shamba la pembetatu kwenye mteremko, upande wa chini ukiwa na mita 60, na kutoka upande huo hadi ncha ya juu mita 40. Eneo lote ni mita za mraba 1 200. Wakilikata katikati, mita 20 kutoka nchani, kwa mstari unaokwenda sambamba na upande wa chini, wataona kama wamegawana sawa. Hapana. Sehemu ya juu ni pembetatu inayofanana na shamba lote, yenye nusu ya urefu wake, kwa hiyo ina robo ya eneo: mita za mraba 300. Wa chini amechukua 900. Ili wapate 600 kwa 600, mstari unapaswa kushuka hadi mita 28 na sentimita 30 hivi kutoka nchani. Ugomvi wa aina hii unaweza kufika hadi kwa chifu wakati hakuna aliyeiba kitu.

Gill alilijua jambo hilo, ndiyo maana alisumbuka sana na msingi. Lakini jina lake lilienea kwanza kwa sababu ya anga. Mwaka 1877 alikwenda na Isobel katika kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, kupima umbali wa sayari Mars ilipokaribia dunia. Mawingu yalifunika kambi usiku baada ya usiku, na Isobel ndiye aliyetembea gizani kutafuta upande wa kisiwa wenye mbingu safi. Walihamisha vyombo, na kazi ikafaulu. Kipimo hicho nacho ni pembetatu, nyembamba kupita kiasi: msingi wake ni safari ya mtazamaji dunia inapozunguka kutoka jioni hadi asubuhi, na ncha yake iko mbali mamilioni ya kilometa. Kutokana nayo alipata umbali wa jua kwa usahihi uliowashangaza wenzake.

Mwaka 1879 aliteuliwa kuongoza kituo cha kutazama nyota cha Cape, Afrika Kusini, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1907. Picha aliyoipiga ya nyota kubwa yenye mkia ya mwaka 1882 ilionyesha nyuma yake nyota nyingi kiasi kwamba aliamua kupiga picha anga lote la kusini. Mholanzi Jacobus Kapteyn alipima picha hizo kwa miaka mingi, na orodha yao ikafikia nyota 454 875. Mwaka 1900 Gill alipewa cheo cha Sir.

Ndoto ya mnyororo ilianza mapema. Mwaka 1883 kazi ya kupima pembetatu ilianza katika Cape na Natal chini ya uongozi wake. Baadaye aliomba pesa kila mlango, hata kwa Cecil Rhodes, na pembetatu zikapanda hadi Zimbabwe ya leo, kisha kati ya 1903 na 1906 kutoka Zambezi hadi karibu na ziwa Tanganyika, zikiongozwa na Mswidi Tryggve Rubin. Lengo la kisayansi lilikuwa kujua umbo halisi la dunia.

Lakini tusijidanganye: waliotoa pesa walitaka kujua shamba lao lina ukubwa gani. Vyombo vilibebwa milimani na wapagazi Waafrika ambao majina yao hayasikiki katika historia hii, na ramani zilizotoka huko zilisaidia kukata ardhi za watu ambao hawakuulizwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa Semliki. Mkataba wa tarehe 12 mwezi wa tano 1894 kati ya Uingereza na mfalme Leopold ulitaja mstari wa digrii 30 kuwa mpaka. Shida ni kwamba ramani za wakati ule ziliuchora mahali ambapo haupo. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipopima mwaka 1907 na 1908, mstari wa kweli ulionekana kuwa mashariki zaidi. Kwa maandishi ya mkataba, vilele vya Ruwenzori viliangukia upande wa Kongo, pamoja na Katwe, ambako chumvi ilichotwa tangu zamani na kuuzwa mbali. Waingereza walikuwa tayari huko na hawakutaka kuondoka.

Gill, aliyekuwa amestaafu na kuishi London, aliona nafasi. Wapimaji na vyombo vilikuwa tayari milimani. Kuwarudisha Ulaya bila kupima kipande cha mnyororo kungekuwa hasara. Yeye na George Darwin waliwabembeleza wataalamu na serikali kuchanga pesa. Mwaka 1908 na 1909 kikundi cha kapteni E. M. Jack, pamoja na Mbelgiji Marcel Dehalu, kilipima pembetatu upande wa Uganda pande zote mbili za ikweta, na mstari wa msingi ukapimwa katika uwanda wa Semliki.

Mpaka wenyewe haukuamuliwa na hesabu. Mwezi wa tano 1910, huko Brussels, wenye nguvu waligawana: Ruwenzori ikakatwa kwenye kilele cha Margherita, Katwe ikabaki Uganda, na Kongo ikapata ukingo wa magharibi wa ziwa Albert, ulio mashariki ya mstari wa digrii 30. Wafanyabiashara wanaovuka Kasindi leo wanavuka matokeo ya mazungumzo hayo.

Gill hakuona mwisho wa mnyororo wake. Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya 1930, na pengo la mwisho, nchini Sudan, lilifungwa mwaka 1954, miaka 40 baada ya kifo chake.

Jina la mnyororo bado limo ndani ya vifaa vya GPS, katika orodha ya mifumo ya kupimia: Arc 1950 na Arc 1960. Katika Manguredjipa, penye dhahabu, hilo si jambo la makumbusho. Sheria ya madini ya Kongo inagawa ardhi kwa carré, kila moja karibu hekta 85, mraba wenye upande wa mita zaidi kidogo ya 920. Kamba ya mita 50 iliyovutika nusu mita tu inakosea karibu hekta 1,7 kwenye carré moja. Na namba za mfumo wa kisasa, WGS 84, zikiingizwa katika kifaa kilichoachwa kwenye Arc 1960, alama ya mpaka inahama karibu mita 300, theluthi moja ya upande mzima.