Padre Mersenne na Namba Yenye Tarakimu 21

Wengine wetu tulipoingia seminari tulidhani tumeagana na hisabati. Maisha ya Padre Marin Mersenne yanatuonya tusiharakishe kuagana nayo.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588, karibu na kijiji cha Oizé, Ufaransa, katika familia ya watu wa kawaida. Alisoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, kisha Paris. Mwaka 1611 alijiunga na Waminimi, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambalo watawa wake waliweka nadhiri ya kuishi kama Kwaresima mwaka mzima: bila nyama, mayai wala maziwa.

Chumba chake cha utawani Paris kilikuwa kama posta ya wataalamu wa Ulaya. Aliandikiana barua na Descartes, Fermat na Torricelli, na alichokigundua mmoja kiliwafikia wengine kupitia kwake.

Mwaka 1644 alitoa orodha ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zote hupatikana kwa kuzidisha 2 zenyewe kwa zenyewe, kisha kutoa 1. Mbili tatu zikizidishwa hutoa 8. Toa 1, unabaki na 7, ambayo ni tasa. Padre alisema hata mbili 67 hutoa namba tasa. Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927.

Hapo alikosea. Hata hivyo, mwenyewe alikuwa amekiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ni kazi isiyo na mwisho kwa binadamu. Alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648 bila kosa hilo kujulikana.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa namba hiyo si tasa, lakini hakupata vigawo vyake. Ndipo mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavileta mbele ya wanahisabati wenzake: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba aliandika hesabu yote ubaoni bila kusema neno, akarudi kukaa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kazi hiyo ilimgharimu Jumapili za miaka mitatu.

Orodha ya Padre ilikuwa na makosa mengine pia, lakini namba tasa za aina hiyo zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Aliuliza swali jema, akaliweka hadharani, na wengine wakaweza kumsahihisha.

Sisi tunaojiandaa kufundisha na kuhubiri, pamoja nanyi mnaotusikiliza, tujifunze hapo. Watu wakituamini kwa sababu ya kanzu tu, kosa letu laweza kuishi miaka mingi. Basi tuseme tunachokijua, tukiri tusichoweza kukipima, na atakayetusahihisha tumpokee kama ndugu. Kweli yote ni ya Mungu, hata ile iliyoandikwa kwa chaki.