Profesa Bwayo na siri ya Majengo

Ukitoka huku Komarock na matatu ya Jogoo Road, ukikaribia tao, Majengo haiko mbali. Huko, tangu miaka ya 1980, watafiti walifuatilia wanawake wanaouza ngono, wakakuta wachache ambao HIV haikuwashika kamwe. Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitaka hiyo siri iwe chanjo.

Iko hivi. Seli ikiingiliwa na virusi, huanika vipande vyao nje, kama mitumba ya Gikomba kwa henga. Mwili humwaga interferoni, na seli inaongeza henga. Seli T za kuua zikiona hizo vipande, zinaimaliza. Sasa HIV, mjanja sana, huvuta henga ndani. Lakini wale akina mama walikuwa na seli T zilizoijua tayari. (Wengine walipumzika kazi, kinga ikapoa, wakaambukizwa. Hiyo ilinishangaza.)

Bwayo na wenzake wa Oxford walianza kujaribu chanjo Nairobi mwaka 2001. Haikudhuru mtu, ila seli T ziliamka kidogo tu. Akaendelea na nyingine pale KAVI, maabara aliyoiongoza.

Februari 2007, majambazi wa magari walimpiga risasi, akafa. Chanjo bado hatuna.