Michael Faraday, mwalimu wa umeme aliyeshuka ku mine

Michael Faraday alizaliwa ku Uingereza, karibu na London, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mfua chuma, na mara nyingi alikuwa mgonjwa, basi nyumbani pesa ilikuwa kidogo. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu, basi. Alipofika miaka 14 akaingia kazi ya kushona vitabu. Kumbe vile vitabu vya watu, yeye alikuwa anavisoma! Mwaka 1813 Humphry Davy akamwingiza kazi ku Royal Institution. Kisha miaka miwili akasaidia Davy kutengeneza ile taa ya wachimbaji isiyolipusha gazi.

Mwaka 1831 Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na waya, inazaa umeme. Mashine za umeme ku barrage zinafuata njia ile mpaka leo.

Tarehe 28 Septemba 1844, mine ya makaa ya Haswell, ku Durham, ikalipuka. Watu 95 walikufa, wakubwa na watoto. Avoka wa sendika ya wachimbaji, W. P. Roberts, akamwomba mkubwa wa serikali atume wenye akili. Wakatumwa Faraday na Charles Lyell. Walishuka chini, wakaona kama si gazi peke yake: vumbi ya makaa nayo iliwaka na kuongeza moto. Wakashauri hewa ipitishwe vizuri mule gazi inajikusanya. Lakini ile neno ya vumbi ilikaa miaka mingi bila kufuatwa, na wachimbaji wengine wakazidi kufa.

Mwaka 1857 akaeleza kazi yake juu ya dhahabu. Aliigeuza chembe ndogo sana ndani ya maji, na maji yakawa mekundu. Alielewa kwamba ile rangi inatoka ku udogo wa zile chembe.

Leo wenye akili wanatia chembe za namna ile ndani ya memori ya ordinatere: za dhahabu, za platini, hata za cobalt yetu. Kila chembe imezungukwa na kitu kisichopitisha umeme, sawa chumba chenye mlango wa kufunga. Umeme ukiingia, unabaki humo hata mashine ikizimwa. Pale palipo na umeme na pale pasipo nao ndipo maandiko yanasomwa. Ukuta ukitoboka, chembe moja tu inapoteza, zingine zinachunga. Na kipimo cha kuweka umeme kinaitwa farad, juu ya jina lake.

Faraday alikataa cheo cha Sir, akakufa tarehe 25 Agosti 1867.

Wandugu, tukumbuke kitu kimoja: ku Haswell, mwalimu hakushuka shimoni peke yake. Sendika ndiyo iliomba. Basi vumbi ikijaa kwenye tunafanya kazi, tuombe ipimwe mbele watu hawajakufa.