Charlie Taylor: fundi wa duka la baiskeli aliyechonga injini ya ndege

Ukimuuliza mtu nani alitengeneza ndege atakujibu haraka haraka: wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Sawa, hajakosea. Ila muulize injini ya ndege hiyo aliichonga nani. Hapo utasikia kimya.

Jamaa anaitwa Charlie Taylor. Alizaliwa 1868 jimbo la Illinois, shule akaiacha bado mtoto, akaingia kazini. Mwaka 1901 wale ndugu wakamwajiri kwenye duka lao la baiskeli mjini Dayton, Ohio, kwa dola 18 kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kuangalia duka wenyewe wakisafiri kwenda kujaribu ndege zao zisizo na injini.

Mwishoni mwa 1902 wakaanza kutafuta injini. Waliandikia watengenezaji kibao wakitaka yenye nguvu za farasi 8 na uzito usiozidi kilo 90 hivi. Hawakupata. Wakamgeukia Charlie, ambaye, jamani, hajawahi kuunda injini hata moja! Alishawahi tu kujaribu kurekebisha ya gari.

Michoro ya maana hapakuwa. Kipande kinachorwa kwenye kikaratasi, Charlie anakitundika juu ya meza yake, anaanza kuchonga. Wiki sita tu, injini tayari.

Shughuli pevu ilikuwa krankishafti, yaani kile chuma chenye viwiko kinachogeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi uwe mzunguko. Bila hicho pangaboi halizunguki. Charlie alichukua bamba nene la chuma, akachora umbo lake, akatoboa matundu kufuata mstari, akabomoa ziada kwa nyundo na patasi, halafu akalikereza kwenye mashine mpaka likabaki kilo 8 na ushee. Mliopita karakana za mtaani mnajua hapo jasho limetoka kiasi gani.

Silinda 4 za chuma zililazwa ubavu kwenye bodi ya alumini ili uzito upungue. Kanuni ni ile ile ya gari la petroli: pistoni inavuta hewa yenye mvuke wa petroli, inaigandamiza, cheche inawasha, mlipuko unaisukuma pistoni, kisha moshi unatolewa nje. Ila vitu vingi unavyovijua havikuwemo. Kabureta ya kueleweka hakuna. Petroli ilidondoka yenyewe kutoka kwenye tangi dogo lililofungwa juu, ikafikia sehemu yenye joto juu ya silinda, ikageuka mvuke. Plagi hakuna; ndani ya silinda vipande viwili vya chuma viligusana na kuachana, cheche ikaruka. Pampu ya petroli hakuna, pampu ya maji hakuna. Hata pedeli ya mafuta ya kuongeza na kupunguza mwendo hakuna, ikishawaka ndiyo hivyo hivyo mpaka mwisho. Ikiwa baridi ilitoa nguvu za farasi 16, ikishapata joto zinashuka hadi 12 hivi, maana hewa inayoingia imetanuka na kuwa nyepesi. Wenyewe walitaka 8 tu, kwa hiyo chenji ilibaki.

Februari 1903 kwenye majaribio petroli ikadondokea beringi, zikakamata, bodi ikapasuka. Ikabidi isubiwe bodi nyingine.

Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, ndege ikaruka mara nne. Mara ya mwisho ilikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Charlie hakuwepo bana, alikuwa Dayton analinda duka. Siku hiyo hiyo upepo ukaibiringisha ndege na injini ikavunjika.

Aliendelea kuwafanyia kazi miaka mingi. Mwaka 1911 rubani Cal Rodgers alipovuka Marekani toka New York hadi California, Charlie alifuata kwa treni sehemu kubwa ya safari, akiifufua ndege kila ilipoanguka. Na ilianguka sana tu.

Baadaye mambo yakamwendea kombo. Alinunua ardhi jangwani California, pesa ikapotea. Miaka ya 1930 alikuwa fundi wa kawaida kwenye kiwanda cha ndege, akilipwa senti kwa saa. Orville alipofariki 1948 alimwachia dola 800 kwa mwaka. Hazikutosha. Mwaka 1955 alikutwa kwenye wodi ya hospitali ya wasiojiweza huko Los Angeles. Watu wa sekta ya ndege wakachangishana, akahamishiwa pazuri, lakini 30 Januari 1956 akafariki, umri miaka 87.

Leo fundi wa ndege wa Marekani akitimiza miaka 50 kazini hupewa tuzo yenye jina la Charlie Taylor, na siku ya mafundi wa ndege huko ni 24 Mei, tarehe aliyozaliwa.

Mafundi mlio humu, mwageni maoni: krankishafti ile kwa nyundo na patasi, ungeimaliza kwa siku ngapi?