Mama Marie Curie na uchafu usioonekana

Mu masomo ya shimi jina la Marie Curie kila mutu analijua, pamoja na zawadi zake mbili za Nobel, ya 1903 na ya 1911. Lakini ginsi gani alikuwa anatumika mu laboratwari yake, ile wengi hawaijui.

Alizaliwa Warsaw, Polonye, mwaka 1867. Kule iniversite haikupokea wanawake, basi 1891 akaenda Paris. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, na 1898 wakatangaza elementi mbili mpya, poloniumu na radiumu.

Sasa ilibaki kuitoa ile radiumu ndani ya mawe. Walipewa hangari ya zamani, mahali wanafunzi wa udaktari walikuwa wanapasua maiti. Mvua ilipita mu vioo vya juu. Bomba la kutoa moshi mubaya halikuwako, ndiyo sababu Mama alipikia mawe inje, kilo 20 kwa mara moja, akikoroga na fimbo ya chuma karibu ndefu kama yeye mwenyewe. Mavumbi ya makaa na ya chuma yaliingia mu vyombo, na kazi ya siku nyingi ikachafuka. Tusimucheke! Hakuwa mutu muchafu, alikosa nafasi nzuri tu. Hata vile, 1902 akapata desigramu moja ya kloridi ya radiumu.

Mavumbi yale yalionekana. Hatari ingine haikuonekana. Radiumu haina harufu, haichomi palepale. Pierre alijifungia kidogo ku mukono, saa 10 nzima, apate kujua itafanya nini. Kidonda kikatoka, kikakawia kupona. Usiku walirudi mu hangari kutazama chupa zikingaa ndani ya giza, na roho zao zikafurahi. Vidole vya Mama vikakauka na kupasuka.

Pierre alikufa 1906, aligongwa na gari la farasi. Mama akaendelea. Kisha vita ya 1914-1918, mu Institut du Radium, watumishi wake walishika chupa na koleo, walijificha nyuma ya mabamba ya risasi, walipimwa damu. Sheria nzuri kabisa, lakini yeye mwenyewe hakuzishika sana. Wengine wanaita ile ushujaa. Sisi hatukubali: wadogo wanatazama mikono ya mukubwa wao, si karatasi ku ukuta.

Na tusizani ni mambo ya Ulaya tu. Tangu 1922 radiumu nyingi ya dunia ilitoka mu mawe ya Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga, na kusafishwa Olen, Ubelgiji.

Mama alikufa tarehe 4 Julai 1934, damu yake imeharibika juu ya miale. Kaye zake ziko Paris mpaka leo, mu masanduku ya risasi. Mwenye kutaka kuzisoma anatia sahihi kwanza, tena anavaa nguo za kujikinga, maana radiumu inaomba miaka karibu 1600 ipate kupunguka nusu.