Profesa Beecher, Tabibu Aliyechunguza Maumivu ya Askari

Askari aliyepigwa risasi ya goti mara nyingine haombi dawa. Huomba maji, au huuliza habari za wenzake. Jambo hilo, ambalo walinzi wa mpaka huko Bwera na wapiganaji wa miteremko ya Rwenzori hawatalistaajabia, ndilo lililomtafakarisha marehemu Profesa Henry Beecher.

Alizaliwa Wichita, nchini Marekani, mwaka 1904, akiitwa Unangst. Jina la Beecher alijichagulia ujanani. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1932, na kunako 1941 akapewa kiti cha uprofesa wa elimu ya dawa za usingizi.

Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Afrika ya Kaskazini na Italia. Huko aliwahoji majeruhi 215 wenye majeraha makubwa, waliovunjika mifupa na waliotobolewa vifua au matumbo. Takriban robo tatu walikataa dawa ya kutuliza maumivu. Baadaye alipowauliza raia waliopasuliwa hospitalini, wengi mno waliitaka. Beecher akaona kwamba kwa askari jeraha ni kuokoka mauti, ilhali kwa raia ni mwanzo wa mashaka.

Aligundua pia hatari iliyojificha, akaiandika mwaka 1944. Mofini ikichomwa chini ya ngozi ya majeruhi aliyepoa mwili na kupungukiwa damu, haienei. Mhudumu humwongeza sindano ya pili, hata ya tatu. Majeruhi akishapata joto na damu, zote huingia kwa mkupuo, na pumzi huweza kukatika. Kwa kikosi kinacholala kwenye baridi juu ya Kilembe, hiyo si habari ya kale.

Mwaka 1955 alikusanya tafiti 15 za wagonjwa zaidi ya 1,000, akatangaza kwamba dawa bandia iliwatuliza kama asilimia 35. Wataalamu wa baadaye walimlaumu kwa kutia chumvi, na kwa haki. Lakini sharti alilolishikilia limebaki: dawa ishindanishwe na ile bandia, mgonjwa wala daktari asijue ipi ni ipi. Ndivyo zinavyopimwa hadi leo dawa nyingi za maumivu kwa waliobadilishiwa goti.

Hakuwa malaika. Baada ya vita alishiriki majaribio ya dawa za kuvuruga akili yaliyogharimiwa na jeshi la nchi yake. Hata hivyo, mwaka 1966 aliwageukia matabibu wenzake kwa makala iliyotaja tafiti 22 zilizohatarisha watu, wengi wao bila kuambiwa. Miongoni mwao walikuwamo askari wenye maambukizo ya koo walionyimwa penisilini, dawa iliyojulikana kuwakinga na homa inayodhuru moyo, nao hawakujua kwamba wanajaribiwa. Majina ya watafiti aliyaficha. Wapo waliomkasirikia vikali. Lakini serikali ya Marekani ilikuwa tayari inakaza kanuni za ridhaa ya mgonjwa alipofariki Julai 1976.