James Burbage na Suala la Umiliki wa Jumba la Maonyesho: London, 1576-1599

Uhakiki wa tamthilia za William Shakespeare, ambazo wasomaji wa Kiswahili walizipokea katika miaka ya 1960 kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, kwa kawaida huanza na matini. Ni nadra kuanza na jumba, na ni nadra zaidi kuanza na ardhi ambayo jumba hilo lilisimama juu yake. Hata hivyo, maisha ya James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji na hatimaye mwenye jumba, yanadhihirisha kwamba masuala ya nani anamiliki mbao, nani anamiliki ardhi na nani anashika ufunguo wa sanduku la fedha yalichangia sana kuamua hatima ya sanaa yenyewe.

Burbage alizaliwa yapata mwaka 1531. Alijifunza useremala, lakini ufundi huo haukumpa riziki ya kutosha, naye akaingia katika uigizaji. Hali ya waigizaji ilikuwa dhaifu. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasiokuwa na bwana wa kuwadhamini kuwa sawa na wazururaji. Kwa hiyo Burbage na wenzake walijiweka chini ya himaya ya Robert Dudley, Earl wa Leicester, na mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza akawapa hati ya kuigiza. Jina la Burbage ndilo lililotangulia katika hati hiyo. Kibali hicho kiliwapa hadhi, ila hakikuwapa mahali pa kuigizia. Waliendelea kutegemea nyua za nyumba za wageni na kumbi za wakubwa, mahali ambapo wenye nyumba walikuwa na kauli kuliko wasanii.

Tarehe 13 Aprili 1576 Burbage alitia saini mkataba wa kupanga kiwanja huko Shoreditch, nje ya kuta za jiji la London, katika eneo lililokuwa la watawa wa kike wa Holywell. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu, kwani watawala wa jiji, ambao waliyachukia maonyesho kwa sababu za kidini na za usalama, hawakuwa na mamlaka pale. Mwenye ardhi, Giles Allen, alimpangisha kwa miaka 21 kwa kodi ya pauni 14 kwa mwaka. Mkataba ulikuwa na sharti moja lililokuja kuwa na uzito mkubwa: iwapo mpangaji angetumia pauni 200 kuyaendeleza majengo yaliyokuwapo, angeruhusiwa kulivunja jumba lake na kuondoka nalo kabla ya muda kwisha. Jumba liliitwa The Theatre, neno lenye asili ya Kiyunani ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la majengo yote ya aina hiyo kwa Kiingereza.

Mtaji mwingi ulitoka kwa shemeji yake, John Brayne, mfanyabiashara wa vyakula ambaye mwaka 1567 alikuwa amekwisha kujenga jukwaa la Red Lion. Ubia wao haukuwekewa misingi thabiti ya maandishi, na ugomvi ukazuka upesi. Upande wa Brayne ulidai mahakamani kwamba Burbage alikuwa na ufunguo wa siri wa sanduku la mapato. Brayne alifariki mwaka 1586, akimwachia mjane wake, Margaret, kesi badala ya mali. Mwaka 1590 mjane huyo alipofika na watu wake kudai nusu ya mapato mlangoni, familia ya Burbage iliwafukuza, na kijana Richard Burbage alitumia mpini wa ufagio. Mwaka uliofuata waigizaji wa kundi la Admiral nao walifarakana na Burbage kuhusu fedha, wakahamia jumba la Rose la Philip Henslowe.

Hata hivyo jumba liliendelea, na kuanzia mwaka 1594 likawa makao ya kundi la Lord Chamberlain, ambamo Richard alikuwa mwigizaji mkuu na Shakespeare mwandishi na mwigizaji. Kadiri mkataba ulivyokaribia mwisho, Allen alitaka kodi zaidi na kuweka kikomo cha kulitumia jumba kwa maonyesho. Burbage alitafuta njia nyingine. Mwaka 1596 alinunua kwa pauni 600 sehemu ya majengo ya Blackfriars, ndani ya jiji, akaigeuza kuwa ukumbi wenye paa. Wakazi wenye nguvu wa mtaa huo walipeleka malalamiko kwa Baraza la Malkia, na matumizi ya ukumbi yakapigwa marufuku. Burbage alizikwa Februari 1597, fedha zake zikiwa zimefungwa katika jengo lisilotumika, na miezi miwili tu ikibaki kabla ya mkataba wa Shoreditch kwisha.

Wanawe, Cuthbert na Richard, walirithi tatizo hilo. Tarehe 28 Desemba 1598, Allen akiwa hayupo London, walifika pamoja na fundi Peter Street na vibarua, wakaanza kulivunja jumba. Mbao zilivushwa hadi ng'ambo ya Mto Thames, na mwaka 1599 zikajenga jumba la Globe. Allen alishitaki bila kufanikiwa. Kwa kuwa mtaji ulikuwa umenasa Blackfriars, ndugu hao walibaki na nusu ya hisa za Globe na kuwagawia waigizaji watano, Shakespeare akiwemo, nusu ya pili. Umiliki wa wasanii wenyewe, ambao ulimpa Shakespeare kipato cha kudumu, ulitokana basi na ukata zaidi kuliko na nadharia yoyote. Blackfriars yenyewe ilianza kutumiwa na kundi hilo yapata mwaka 1609, miaka kumi na miwili baada ya kifo cha aliyeinunua.

Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu Burbage imetoka katika kumbukumbu za kesi, yaani katika vinywa vya mashahidi waliokuwa na maslahi yao. Kwa sababu hiyo tuhuma ya ufunguo wa siri haiwezi kuchukuliwa kuwa imethibitika, wala haiwezi kupuuzwa. Lililo wazi ni kwamba misingi ya The Theatre, iliyofukuliwa na wanaakiolojia huko Shoreditch mwaka 2008, ni mabaki ya jengo ambalo mwenyewe hakuwahi kumiliki ardhi yake, na ambalo fedha za kulijengea nyingi zilikuwa za mtu mwingine.